Papwa Sewgolum: mbeba mifuko aliyeshinda kombe akalipokea kwenye mvua

Msikilizaji wetu, kila gofu inapotajwa kwenye habari za michezo, kuna swali ambalo halikosi kutufikia. Mnatuuliza huu mchezo wa wenye fedha unatuhusu nini sisi wakulima wa tumbaku na wafuga nyuki. Swali ni la haki. Hapa Usoke hakuna uwanja wa gofu, na wengi wetu tumeuona mchezo huo kwenye simu tu.

Leo tunalijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Alizaliwa maskini, hakwenda shule, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba mifuko ya watu waliokuwa wakicheza gofu. Baadaye aliwashinda watu haohao. Jina lake ni Sewsunker Sewgolum, lakini dunia inamkumbuka kwa jina la utani, Papwa. Alikuwa raia wa Afrika Kusini mwenye asili ya India, na alifariki mwaka 1978.

Kuna sababu nyingine ya kumsimulia Papwa hapa kwetu. Usoke ipo kwenye njia ya zamani ya misafara, na babu zetu Wanyamwezi walijulikana toka pwani hadi ziwani kwa kazi ya upagazi. Walibeba pembe na vitambaa, toka Bagamoyo hadi Unyanyembe, toka Unyanyembe hadi Ujiji. Mzigo haukuwa wao, lakini njia waliijua kuliko mwenye mzigo. Walijua maji yako wapi na wapi pa kulala. Ukishika jambo hilo, utamwelewa Papwa mara moja.

Gofu inachezwaje?

Kwanza tuelezane mchezo wenyewe, maana bila hivyo hadithi itakuwa na giza.

Mchezaji wa gofu ana mpira mdogo mgumu, mdogo kuliko yai la kuku, na ana fimbo kadhaa. Mbele yake, mita mia kadhaa, kuna shimo dogo lililochimbwa kwenye nyasi fupi, na bendera inaonyesha lilipo. Kazi yake ni kuupiga mpira hadi uingie kwenye shimo hilo kwa mikwaju michache iwezekanavyo. Akimaliza shimo la kwanza anakwenda la pili, hadi yafike 18. Mwisho mikwaju yote inahesabiwa, na mwenye michache ndiye mshindi. Mashindano makubwa kwa kawaida huchukua siku nne, kwa hiyo mtu anazunguka mashimo 18 mara nne.

Fimbo ziko za aina nyingi. Ipo ya kupiga mbali, ipo ya kuutoa mpira kwenye mchanga, ipo ya kuusukuma taratibu karibu na shimo. Zote zinawekwa kwenye mfuko mmoja, nao ni mzito. Ndiyo maana kuna kijana anayeubeba, akimfuata mchezaji uwanja mzima. Huyo anaitwa kedi. Kedi mzuri habebi tu. Anajua upepo unatoka wapi na nyasi zimelalia upande gani, na anajua fimbo ipi inafaa kwa umbali upi. Mchezaji asiye na uzoefu humuuliza kedi wake kabla ya kupiga.

Papwa alianza akiwa kedi.

Mtoto wa Durban

Durban ni mji wa bandari huko Afrika Kusini, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, hiihii inayopiga Dar es Salaam na Tanga. Jimbo lake enzi hizo liliitwa Natal. Kuanzia mwaka 1860 Waingereza walileta maelfu ya Wahindi Natal kwa mikataba ya kazi, wakalime miwa. Mikataba ilipokwisha wengi walibaki. Wengine walifungua maduka, wengine wakalima mboga au wakavua samaki, na wengine wakabaki kuwa vibarua. Papwa alizaliwa katika jamii hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, katika familia ya watu wasio na kitu. Mama yake alikuwa kipofu.

Karibu na alikokulia kulikuwa na uwanja wa gofu uitwao Beachwood. Ulikuwa uwanja wa Wazungu. Mtoto wa Kihindi aliweza kuingia humo kwa njia moja tu, nayo ni kubeba mfuko wa mtu. Papwa aliingia kwa njia hiyo akiwa bado mdogo, akaanza kupata senti za kusaidia nyumbani. Shule aliikosa. Hakujua kusoma wala kuandika.

Lakini macho alikuwa nayo. Alikuwa akiwatazama wachezaji siku nzima, na jioni alijaribu mwenyewe. Fimbo ya dukani hakuwa na fedha ya kuinunua, basi alikata tawi la mti, akalifanya fimbo. Wale waliocheza mpira wa makaratasi na nailoni vijijini kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mikono iliyopishana

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya Papwa awe tofauti na wachezaji wote wakubwa wa wakati wake.

Mtu anayetumia mkono wa kulia, akishika fimbo ya gofu, mkono wa kushoto unakaa juu, karibu na ncha ya mpini, na wa kulia unakaa chini yake. Ndivyo walimu wote wanavyofundisha. Papwa alishika kinyume. Kwake mkono wa kulia ulikaa juu na wa kushoto chini, lakini bado alipiga kwa upande uleule wa watu wa mkono wa kulia. Ni kama kumwona mtu analima na jembe huku mikono imepishana, halafu tuta lake linanyooka kuliko la jirani.

Ilitokea hivyo kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Alijifunza peke yake, mikono ikazoea hivyo, na alipokua mipira ilikuwa ikienda mahali anapotaka. Wataalamu walipomwona walishangaa. Kwa maelezo ya vitabu vyao, mtu mwenye mshiko huo hapaswi kupiga mbali wala kupiga pamoja. Yeye alifanya yote mawili. Mpaka leo mshiko huo ukitajwa miongoni mwa wachezaji wa gofu, jina la Papwa hufuata.

Alianza kushinda mashindano ya wachezaji wasio Wazungu. Tunasema wasio Wazungu kwa sababu michezo ilikuwa imegawanywa hivyo. Mwaka 1948 chama cha National kilishika serikali ya Afrika Kusini na kuanza kuujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria, moja baada ya nyingine. Mwaka 1950 ilikuja sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake, na mwaka huohuo ikaja sheria ya kugawa maeneo, kwamba huku wakae Wazungu, kule Waafrika, kule Wahindi, kule machotara. Mwaka 1953 ikaja sheria ya kutenganisha huduma, kuanzia benchi la kukalia hadi ufukwe wa kuogelea.

Kwa hiyo Papwa alikuwa bingwa, lakini bingwa wa upande mmoja wa ukuta. Nani alikuwa hodari kuliko mwenzake, kati ya upande huu na ule, hakuna aliyeweza kujua.

Uholanzi, 1959

Ukuta ulipata ufa kupitia mtu mmoja. Graham Wulff alikuwa Mzungu mkazi wa Durban, mkemia kwa taaluma. Ndiye aliyebuni mafuta ya ngozi ambayo baadaye yalijulikana dunia nzima kwa jina la Oil of Olay. Alikuwa mpenzi wa gofu, na alipoona kipaji cha Papwa aliamua kumsaidia aende Ulaya, ambako mtu aliingia mashindanoni kwa uwezo wake.

Mwaka 1959 Papwa alicheza mashindano ya wazi ya Uholanzi. Fikiria hali yake. Ni mtu ambaye hajasoma, ametoka kwenye nchi inayomwambia kila siku kwamba yeye ni wa daraja la chini, na sasa yuko ugenini kwenye baridi, kati ya wachezaji wa kulipwa waliofundishwa tangu utoto. Aliwashinda wote.

Mtu angeweza kusema ni bahati. Mwaka uliofuata, 1960, alirudi Uholanzi akashinda tena. Mwaka 1964 akashinda mara ya tatu. Bahati haiji mara tatu mahali pamoja.

Mwaka huohuo wa 1959, Mzungu mmoja kijana kutoka Afrika Kusini, Gary Player, alishinda mashindano ya wazi ya Uingereza, moja ya makombe manne makubwa kuliko yote katika gofu. Nchi moja ilikuwa imetoa washindi wawili Ulaya ndani ya mwaka mmoja. Nyumbani, mmoja aliingia kwenye klabu yoyote aliyotaka. Mwingine alisimama nje ya mlango. Tuyakumbuke majina yote mawili, maana yatakutana.

Mvua ya mwaka 1963

Mafanikio ya Ulaya yaliwaweka waandaaji wa mashindano ya nyumbani mahali pagumu. Wangemwachaje nje mtu ambaye ameshinda Ulaya mara mbili? Tena hapakuwa na sheria moja iliyosema waziwazi kwamba Mhindi au Mwafrika asishindane na Mzungu kwenye gofu. Kilichokuwapo ni sera ya serikali iliyotaka kila rangi icheze peke yake, pamoja na sheria za maeneo, za huduma na za pombe ambazo zikiunganishwa zilifanya kazi hiyohiyo. Hata hivyo mwanya mdogo ulikuwapo, na Papwa akapita humo. Alikubaliwa kucheza mashindano ya Natal Open ya mwaka 1963 kwenye uwanja wa Durban Country Club, akiwa peke yake asiye Mzungu kati ya Wazungu zaidi ya mia moja.

Kucheza aliruhusiwa. Kuingia kwenye jengo la klabu hakuruhusiwa. Humo ndimo wachezaji wanamobadilisha nguo, wanamokula na kupumzika. Wenzake walipomaliza kucheza waliingia ndani. Yeye alibaki nje.

Akashinda.

Siku ya kukabidhiwa kombe mvua ilinyesha. Wazungu walikuwa ndani ya jengo, na Papwa, mwenye ushindi wake, hakuweza kuingia. Akapewa kombe lake nje, kwenye mvua.

Picha ya tukio hilo ilichapishwa nchi nyingi duniani. Watu ambao hawakuwahi kuisoma hata sheria moja ya Afrika Kusini waliielewa picha hiyo kwa kuitazama tu. Mtu ameshinda, ameloa, ana kombe mkononi, na mlango uko palepale.

Tuliposimuliana kisa hiki hapa kituoni, mmoja wetu aliuliza kwa nini wenye klabu wasingemfungulia kwa dakika tano tu. Jibu ni kwamba waliogopa sheria, na walioogopa walikuwa wengi, na sheria ya namna hiyo inaishi kwa sababu ya watu wengi wanaoogopa kidogokidogo. Hakuna aliyelazimika kuwa katili siku ile. Kila mmoja alifuata utaratibu, na mshindi akaloa.

Mwaka huohuo Papwa alimaliza wa pili kwenye mashindano ya wazi ya Afrika Kusini, nyuma ya Retief Waltman. Kwenye mashindano ya wazi ya Uingereza alikuwa miongoni mwa waliomaliza katika nafasi ya 13. Kwa mtu aliyeanza na tawi la mti, hiyo ni nafasi ya kati ya wachezaji bora duniani.

Anakutana na Gary Player

Mwaka 1965 Papwa alicheza tena Natal Open, na safari hii Gary Player alikuwamo. Wakati huo Player alikuwa tayari ana makombe matatu kati ya yale manne makubwa. Mwaka huohuo wa 1965 alishinda la nne, la Marekani, akawa mmoja wa watu wachache katika historia waliowahi kuyashinda yote. Ndiye mtu aliyekuwa juu kabisa.

Papwa alimshinda na kulichukua kombe la Natal kwa mara ya pili.

Hapa tuombe msikilizaji asimame kidogo. Ubaguzi wa Afrika Kusini ulisimama juu ya dai kwamba Mzungu ana uwezo kuliko wengine, kwa hiyo ni haki awe mbele. Dai hilo unaweza kulitetea miaka mingi kama hujawahi kuwapambanisha watu. Ukiwapambanisha uwanjani, mbele ya watazamaji, na mikwaju ikahesabiwa, hesabu haijali rangi ya mtu. Mtu asiyejua kusoma, aliyeshika fimbo kinyume, alikuwa amemshinda Mzungu hodari kuliko wote nchini. Hilo ndilo serikali haikuweza kulivumilia.

Mlango unafungwa

Mwaka huo serikali ilikaza masharti ya watu wa rangi tofauti kuhudhuria michezo na burudani mahali pamoja, ikataka vibali. Mwaka 1966 Papwa alizuiwa kushiriki mashindano ya ndani ya nchi. Hata kwenda uwanjani kutazama wengine wakicheza alikatazwa. Akanyang'anywa pasi ya kusafiria, kwa hiyo Ulaya nako hakuweza kwenda tena.

Fundi wa kuni ukimwondolea msitu, au mvuvi ukimzuia kukaribia ziwa, ujuzi wake haupotei siku hiyo. Bado anao mikononi. Lakini hauna pa kutumika, na mwaka baada ya mwaka unachakaa, na nyumbani watoto wanahitaji kula. Ndicho kilichompata Papwa. Alikuwa bado na miaka mingi mbele yake, maana mchezaji wa gofu anaweza kucheza vizuri hata baada ya miaka 40. Miaka hiyo alinyimwa. Akarudi kwenye umaskini aliotokea.

Alifariki Julai 1978 kwa ugonjwa wa moyo, kabla hajafikisha miaka 50. Ubaguzi wa rangi ulikuwa bado umebakiza miaka mingine 16 kabla ya uchaguzi wa 1994 uliomweka Nelson Mandela madarakani.

Na Gary Player je? Tuwe wa haki. Katika miaka ya 1960 aliwahi kuutetea hadharani mfumo wa ubaguzi wa nchi yake. Baadaye alibadilika na kukiri kwamba alikosea. Mwaka 1971 alimwalika Lee Elder, Mmarekani mweusi, aje kucheza Afrika Kusini, na hilo lilikuwa jambo jipya. Mwaka 1976 Mwafrika wa Afrika Kusini, Vincent Tshabalala, alishinda mashindano ya wazi ya Ufaransa. Kwa hiyo Papwa aliishi akaona wengine wakipita pale alipopasua njia, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amewekwa pembeni.

Sisi tulikuwa wapi?

Papwa alipokuwa akipokea kombe kwenye mvua, Tanganyika ilikuwa imetoka tu kuwa Jamhuri, Desemba 1962. Mei 1963 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo habari za namna ile zilipotoka kusini, hazikupita masikioni mwetu kama habari za mbali. Wakimbizi na wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wakiingia nchini, na wengine waliishi kambini Kongwa, na baadaye Morogoro.

Michezo nayo ikawa sehemu ya mapambano. Mwaka 1964 mwaliko wa Afrika Kusini kwenye Olimpiki ya Tokyo uliondolewa, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa kwenye kamati ya Olimpiki. Picha ya Papwa kwenye mvua ilikuwa moja ya mambo yaliyoisaidia dunia kuona kwa nini hatua hizo zilihitajika.

Hatua hizo zilikuwa na gharama, na sisi Watanzania tuliilipa. Wazee wetu wanamkumbuka Filbert Bayi. Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand akawa wa pili. Dunia nzima ilisubiri wawili hao wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini mwaka huohuo, wakati wanafunzi wa Soweto walikuwa wameuawa kwa risasi mwezi Juni. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziligoma. Bayi hakukimbia. Walker akachukua dhahabu.

Kuna wanaosema mpaka leo kwamba ilikuwa makosa, na kwamba mwanariadha hakustahili kulipa deni la siasa. Tunaelewa machungu yao. Lakini tukimweka Bayi kando ya Papwa, tunaona jambo moja. Bayi alikosa mbio zile kwa uamuzi wa nchi iliyomheshimu, kwa ajili ya watu wengine. Papwa alikosa miaka yake yote iliyobaki kwa uamuzi wa nchi yake mwenyewe, kwa sababu alishinda. Gharama ya kwanza ilitolewa ili ya pili ikome.

Kilichobaki

Leo mjini Durban kuna uwanja wa gofu wenye jina la Papwa Sewgolum.  Vitabu vimeandikwa juu yake, na wanaoeleza historia ya michezo Afrika hawamruki. Hayo ni mazuri, ingawa yalikuja wakati yeye hayupo.

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, kwamba gofu inatuhusu nini hapa Usoke, jibu letu ni hili. Kwenye familia zetu kuna vijana ambao kazi yao leo ni kubeba vya wengine. Wapo wanaopakia marobota ya tumbaku kwenye magari, wanaosukuma baiskeli za mkaa hadi stesheni, na wanaobeba mizigo ya abiria treni ikisimama. Tunapowatazama, tunaona migongo yao. Mara chache tunauliza wanachokiona wakiwa huko.

Papwa alikuwa akiona. Miaka yote ile ya kufuata nyuma na mfuko begani, alikuwa akisoma uwanja, upepo na mikono ya watu. Aliowabebea walidhani wamemlipa senti kwa ajili ya nguvu zake. Hawakujua kwamba alikuwa shuleni.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu unayesoma hapa kwenye simu yako, ukimwona mtoto anafanya jambo kwa namna isiyo ya kitabuni, mikono imepishana, lakini mpira unafika, usiwe na haraka ya kumrekebisha. Mpe nafasi kwanza. Na kama wewe ndiye mwenye funguo za mlango wowote, wa ofisi, wa chama cha ushirika, wa timu ya kijiji au wa darasa, ikumbuke siku ile Durban. Mvua ilikuwa inanyesha, mshindi alikuwa anajulikana, na mlango ungeweza kufunguliwa kwa mkono mmoja.

 Ukiwa na mzee hapo nyumbani anayekumbuka redio ilivyokuwa ikitangaza habari za mapambano ya kusini, au anayezikumbuka mbio za Bayi, kaa naye jioni umuulize. Halafu utusimulie nasi tuwasimulie wengine.